Viti vingapi, midoli mingapi? Hesabu ya oda ya chekechea yenye watoto 66

Swali: Nina chekechea mjini Arua, Uganda. Mwaka huu tuna watoto 66: Baby (darasa la wadogo) 26, Middle (la kati) 22, Top (la wakubwa) 18. Mwaka ujao natarajia 90. Tuna viti 48 vya mbao, vyote sentimita 35 kutoka sakafuni hadi pa kukalia, na 11 kati yake vimelegea. Meza ni nane za watoto sita sita, kimo sentimita 60, mbili zimevunjika miguu. Kila darasa ni chumba cha mita 7 kwa 6.5. Fundi anasema nikiagiza viti 50 na meza 10 za vimo hivyo hivyo atanipunguzia bei. Vitu vya kuchezea nataka nivinunue Kampala kwa katoni. Niagize kiasi gani?

Jibu: Mwalimu, usimpe fundi advansi bado. Kwa namba ulizoandika unahitaji viti vipya 36 na meza mpya 6, na si vya vimo anavyotaka yeye. Pesa itakayookolewa iende kwenye rafu na vipande vya kujengea, ambavyo hukuviuliza ila ndivyo vitakavyobadilisha darasa. Naandika hesabu yote hapa ili namba zako zikibadilika uirudie mwenyewe.

Tuanze na hao 90. Chumba cha 7 kwa 6.5 ni mita za mraba 45.5. Toa kama 5.5 za rafu, mlango unapofungukia na kona ya mwalimu, zinabaki 40. Mita za mraba 1.4 kwa mtoto ndicho kiwango cha chini ninachokikubali, kwa sababu ukishuka hapo kila kona ya kuchezea inageuka njia ya kupitia, na mnara wa mtoto unabomolewa kila dakika na mwenzake anayekwenda chooni. 40 gawa kwa 1.4 ni 28. Vyumba vitatu vinabeba 84. Kwa hiyo 90 haiingii hata wazazi wakipanga foleni getini.

Sasa angalia watoto wanavyopanda madarasa. Middle ya mwakani ni Baby ya leo: 26, toa watatu watakaohama, ongeza wanne wageni, 27. Top ni Middle ya leo: 22, toa wawili, ongeza watatu, 23. Hao wanaohama na wageni nimewakadiria. Wewe fungua rejista zako za miaka mitatu iliyopita uweke namba halisi. Baby ndiyo ya kubahatisha, na hapo usihesabu wazazi waliosema "tutamleta". Hesabu waliolipia nafasi kufikia katikati ya Novemba.

Andika hesabu mbili, ya chini na ya juu. Kwako ya chini iwe Baby 24, Middle 25, Top 21, jumla 70. Ya juu iwe 28, 28 na 26, jumla 82. Oda inafanywa kwa hesabu ya chini, halafu ile ya juu inatumika kupima kitakachopungua na kama kinaweza kupatikana haraka. Sababu ni kwamba muhula wa kwanza ukifungua mwanzoni mwa Februari, watoto hawaji siku moja. Wengine huletwa wiki ya tatu au ya nne, mzazi akishapata karo. Mkuu wa shule anayenunua kwa ajili ya watu wote aliowaota hubaki na viti vya ziada vilivyopangwa ukutani, na hana kreyoni.

Kanuni yenyewe ni hii: mahitaji ya saa yenye watu wengi zaidi, jumlisha akiba, toa vizima ulivyonavyo, toa vilivyokwisha agizwa. Watu hukosea kwenye hilo la kwanza, kwa sababu wanahesabu majina kwenye rejista na kusahau kujiuliza ni saa ngapi kitu hicho kinatumika na watu wangapi kwa pamoja. Saa ya viti ni saa nne, uji unapogawiwa, na kwa Top pia ule muda wote wanapoandika pamoja. Baby hawaandiki pamoja. Wakicheza, nusu yao wako chini, na uji wanaweza kunywea mkekani. Kwa Baby nafasi za mezani zikiwa asilimia 60 ya watoto zinatosha: 24 mara 0.6 ni 15, unapandisha hadi 18 kwa kuwa meza inakaa sita. Hata wakifika 28, hiyo ni 17 tu. Middle na Top kila mtoto ana kiti chake.

Vimo ndipo pesa inapopotea. Kiwango cha Ulaya cha samani za shule, EN 1729, kinaweka kiti cha sentimita 26 na meza ya 46 kwa mtoto wa sentimita 93 hadi 116. Kiti cha 31 na meza ya 53 ni vya mtoto wa 108 hadi 121. Viti vyako vya 35 na meza za 60 vinaangukia daraja linalofuata, la mtoto wa 119 hadi 142, yaani mwanafunzi wa shule ya msingi. Mtoto wa miaka mitatu ana wastani wa sentimita 96 hivi, wa minne 103, wa mitano 110. Basi watoto wako wengi miguu inaning'inia. Mtoto wa hivyo hukaa ukingoni mwa kiti, au hupiga magoti juu yake, au huegemea nyuma mpaka kiti kinapinduka. Viti vyako 11 havikulegea kwa uzee peke yake.

Usiagize kwa kutazama umri, maana Top ya Arua inaweza kuwa na mtoto wa miaka sita au saba. Asubuhi moja ya kupima inatosha. Mkalishe kila mtoto kwenye kibao au ngazi bila viatu, goti likiwa pembe mraba, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, toa sentimita moja. Hicho ndicho kimo cha kiti chake. Waliopata 28 au chini wanaingia kundi la kiti cha 26, waliozidi wanaingia kundi la 30. Pima Oktoba, ukijua kwamba kufikia Oktoba inayofuata mtoto wa umri huu atakuwa ameongezeka sentimita sita au saba kwa urefu wote, ila mguu wa chini ya goti huongezeka chini ya sentimita mbili.

Tuseme Middle wamegawanyika 15 kundi la chini na 10 kundi la juu. Viti vya 26 ni 18 vya Baby na 15 vya Middle, 33, na akiba ya vitatu, 36. Meza za 46 ni tatu za Baby na tatu za Middle, sita. Hivyo ndivyo vipya vyote.

Viti vya 30 ni 10 vya Middle na 21 vya Top, 31, na akiba ya vitatu, 34. Wewe unavyo vizima 37. Unavikata miguu sentimita tano. Meza za kundi hilo ni mbili za Middle na nne za Top, sita; unazo nzima sita, unazikata sentimita nane ziwe 52. Kwa hesabu ya juu Middle wa kundi hili wanakuwa 11 na Top 26, jumla 37, yaani viti ulivyonavyo bila akiba. Ndipo utengeneze vile 11 vilivyolegea, na meza moja kati ya mbili zilizovunjika. Usivihesabu kabla havijatengenezwa.

Kukata miguu ya kiti kunaharibiwa na mafundi wengi, kwa sababu wanapima sentimita tano kwa futi kwenye kila mguu na kukata kwa pembe ya mguu. Miguu ya kiti imetanuka, kwa hiyo kiti kinarudi kikiyumba, fundi anakata tena mguu mrefu, na baada ya mara tatu kiti ni cha 27. Njia sahihi: kiti kisimame juu ya meza au sakafu iliyonyooka kabisa. Chukua kipande cha mbao chenye unene wa sentimita tano, laza penseli juu yake, na zungusha kipande hicho kwenye kila mguu penseli ikiandika pande zote nne. Msumeno ufuate mstari huo hata ukionekana umekaa upande. Kabla ya hapo angalia mbao ya mkingamo inayounganisha miguu kwa chini. Ikiwa haikuacha angalau sentimita nane hadi sakafuni, ihamishwe juu kwanza. Halafu msasa kwenye kingo, na kipande cha mpira wa tairi kigundishwe chini ya kila mguu, kisikwaruze sakafu.

Fundi wako atasikitika kidogo, lakini sababu yake ya punguzo bado ipo. Kinachomrahisishia kazi ni kutengeneza kigezo kimoja na kukata vipande vyote kwa mpigo, na viti vyako 36 vyote ni vya kimo kimoja. Tena kiti cha 26 kinakula mbao chache kuliko cha 35. Mwombe bei kwa kiti kimoja, na oda iandikwe hivi:

Viti 36: kimo cha kukalia 26, upana 28, kina 25, uzito usizidi kilo 2.5.
Meza 6: 120 kwa 60, kimo 46, pembe zimeviringishwa.
Rafu 6: urefu 120, kina 30, kimo 75, mgongo umefungwa kwa plaiwudi na kukazwa ukutani.

Uzito nimeuweka kwa makusudi. Mtoto wa miaka mitatu lazima aweze kubeba kiti chake. Kiti cha mvule kitaishi kuliko sisi sote, lakini mwalimu ndiye atakayekihamisha kila siku. Paini iliyokauka inafaa. Kalitunsi mbichi hujikunja na kupasuka. Na hapa kuna jambo la Arua hasa: mbao zinazonunuliwa Oktoba au Novemba bado zimekaa kwenye mvua. Kiti kikitengenezwa nazo kinaonekana kimekaza vizuri, halafu kiangazi cha Desemba hadi Februari kinazikausha, mbao zinasinyaa, na wiki ya kwanza ya muhula maungio yanacheza. Mwambie fundi anunue mbao Septemba, azipange chini ya bati na vijiti katikati ya kila tabaka ili hewa ipite. Maungio yawe ya ulimi kuingia tunduni na gundi ya mbao; msumari peke yake hutoka, na ukitoka unachana nguo na mguu. Miguu ya nyuma ichomoze sentimita nne au tano nyuma ya egemeo, ndiyo inayozuia kiti kupinduka mtoto akijisukuma. Rangi iwe isiyo na madini ya risasi, maana ukingo wa meza huliwa kweli kweli.

Kabla ya 36, kitengenezwe kimoja, na meza moja. Wakalie watoto watatu wa vimo tofauti. Nyayo zitandike sakafuni, vidole viwili vyako vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, kiwiko kiwe sawa na meza. Sampuli iwe tayari kabla Oktoba haijaisha, advansi katikati ya Novemba, kazi iishe kabla ya tarehe 20 Desemba. Fundi mwenye wasaidizi wawili akitoa viti vinne kwa siku, 36 ni siku tisa. Ongeza meza, rafu, msasa na vanishi, ni wiki tatu na ushee. Oda ya Januari inaangukia kwenye foleni ya shule zote za mji. Malipo yawe asilimia 40 mwanzo, 40 wakati wa kupokea, na 20 baada ya wiki mbili za kukaliwa na watoto.

Akija mtu kukuuzia viti vya plastiki kutoka nje ya Afrika Mashariki, kumbuka samani ziko kwenye kundi la ushuru wa forodha wa asilimia 35 tangu Julai 2022, kabla ya VAT ya asilimia 18. Huo ushuru unaulipa wewe ndani ya bei.

Vitu vya kuchezea havihesabiwi kwa watoto wala kwa aina, vinahesabiwa kwa nafasi za kuchezea wakati wa mchezo huru. Kila mtoto anahitaji nafasi moja na nusu: moja aliyopo, na nusu ya kuhamia bila kumnyang'anya mtu. Middle wa 25 wanahitaji nafasi 38. Unaweza kuzigawa hivi: kujenga 5, nyumba na jikoni 5, michezo ya mezani 8, vitabu 5, kuchora 4, mchanga na maji nje 6, magari na wanyama 5. Ukiona watoto wanapigana kila siku saa tano, hesabu nafasi kabla ya kuwalaumu. Mara nyingi ziko 25 au pungufu.

Kisha kila nafasi ina kiasi chake. Kujenga ni vipande 40 kwa mtoto, kwa hiyo Middle 200, Top 200, Baby 120 kwa watoto wanne wenye vipande 30 kila mmoja. Vipande hivi vitengenezwe hapo hapo Arua na karakana ile ile, kwa vipimo alivyoweka mwalimu Caroline Pratt kule New York karne iliyopita: kipande cha msingi ni karibu sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5. Uzuri wake ni kwamba vinne vikilazwa mmoja juu ya mwingine vinalingana na urefu wa kimoja. Hicho ndicho kipimo chako cha kupokea mzigo: chukua vinne bila kuchagua, vipange, simamisha cha tano pembeni. Tofauti ikizidi milimita moja, vyote vinarudi, kwa sababu mnara wa vipande kumi utaegama na mtoto ataamini kosa ni lake. Seti ya 200 iwe na 90 vya msingi, 40 nusu (7 kwa 7), 40 vya sentimita 28, 16 vya sentimita 56, na 14 vya pembetatu na mviringo. Pesa ikibana, seti moja ya 200 itumiwe na Middle na Top kwa saa tofauti. Ila usiigawe 100 kwa 100, maana kwa 100 watoto watano hawajengi kitu cha maana.

Michezo ya mezani yenye nafasi nane: wanne kwenye picha za kuunganisha, wanne kwenye shanga. Picha ziwe sita, ili anayemaliza asingoje. Baby wachukue za vipande 4 hadi 8, Middle 8 hadi 16, Top 16 hadi 30. Shanga 30 kwa mtoto ni 120, na ongeza 15 zitakazopotea. Baby usiwape shanga kabisa. Kuna watoto huko ambao hawajafika miaka mitatu, na kipimo cha kimataifa cha kitu kinachoweza kumkaba mtoto huyo ni tundu la milimita 31.7. Njia rahisi ya darasani ni bomba la karatasi la ndani ya toileti pepa: chochote kinachopita humo hakiingii Baby. Jaribu hata magurudumu ya magari, uyavute kwa nguvu kwanza.

Kwa Baby nunua vitu vichache vinavyofanana. Magari manne ya aina moja yanafaa kuliko manane tofauti, kwani mtoto wa miaka mitatu hataki gari, anataka lile la mwenzake. Top ni kinyume, hao wanataka aina nyingi. Jikoni usinunue plastiki. Sufuria ndogo, vikombe na vipande vya kitenge vya sokoni ni bora, na wanasesere wa nguo watashonwa na mtu wa karibu.

Katoni sasa. Tuseme mpira mmoja rejareja ni shilingi 12,000, na katoni ya 12 ni shilingi 102,000. Gawa bei ya katoni kwa bei ya rejareja: 8.5. Ukihitaji tisa au zaidi, nunua katoni. Ukihitaji saba, nunua saba. Kwa mipira, mmoja kwa watoto wanne, 70 wanakupa 18, kwa hiyo katoni moja na sita rejareja. Katoni ya pili ingekula 102,000 badala ya 72,000. Kama kuna chekechea jirani, gawaneni katoni. Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, watakupa bei ya jumla, lakini fungua katoni na uhesabu hapo hapo dukani, hasa picha za kuunganisha. Ukigundua kipande kimepotea baada ya kilomita karibu 500 za basi, huna wa kumwambia.

Nunua asilimia 70 ya vitu vya kuchezea Januari, na 30 likizo ya Mei, mwalimu wa darasa akishajua kona gani inajaa na ipi inalala. Weka alama ya rangi ya darasa nyuma ya kila kipande, na theluthi moja ya vitu ikae stoo, ibadilishwe kila wiki mbili au tatu.

Vinavyokwisha vinahesabiwa kwa muhula. Karatasi: watoto 70, karatasi nne kwa wiki, wiki 12, ni 3,360, yaani rimu saba. Udongo wa kuchezea ujitengenezee: kilo moja ya unga wa ngano, nusu kilo ya chumvi, nusu lita ya maji na mafuta kidogo vinatosha watoto 12, kwenye joto la Arua uwekwe kwenye kopo lenye kifuniko.

Na Februari Baby wakija 31, usikimbilie kwa fundi. Viti 18 bado vinatosha kwa zamu. Kilichokwisha ni sakafu. Watatu hao waandikwe kwenye orodha ya kungoja, au kama wamefikia kimo na wamezoea kukaa mbali na mama, wapelekwe Middle yenye nafasi, ambako vile viti vitatu vya akiba vya 26 vinawangoja.